Siku Kumi na Moja

Sikujaliwa mtoto, lakini uzeeni nimepata mtoto wa jicho. Nilimtania daktari hivyo, naye hakucheka. Alisema jicho la kulia linataka upasuaji mapema, na la kushoto liko njiani. Akauliza kama nina bima. Nikajibu kwa maringo kwamba karibu ninayo.

Mimi ni mpiga pasi kwenye kiwanda cha dobi, mashuka ya mahoteli. Miaka tisa nilikuwa kibarua wa nusu siku, na wa nusu siku hana bima. Mwaka huu wakanipa kazi ya kutwa. Utaratibu wao ni kwamba ukimaliza miezi mitatu bila kukosa hata siku moja, mwajiri anakukatia bima. Ukikosa, unaanza upya. Nilijua nimemaliza, na haraka ya bima ninayo, maana nimeshaunguza mashuka mawili kwa kutoona vizuri. Msimamizi amesema la tatu litanirudisha nyumbani.

Jumatatu nikaenda kwa karani wa wafanyakazi. Akafungua faili langu, akalipitia kwa kidole.

"Bibi Pasi," alisema, maana ndivyo wote wanavyoniita, "umekosa siku kumi na moja."

"Nikose niende wapi? Kwangu kuna kitanda na redio tu."

"Kadi yako ya mahudhurio ndiyo inasema hivyo."

Hapo nikakumbuka. Siku zote hizo nilikuwepo, ila niligonga kadi ya Mama Pacha, mwenzangu wa meza. Pacha wake mmoja alikuwa amelazwa hospitali, na mama mtu akilala naye wodini. Mwenye bima akikosa siku tatu kwa mwezi anafutiwa, na bima yake ndiyo iliyokuwa ikimtibu mtoto. Kwetu tuna desturi ya kushikiana kadi. Lakini kila meza inahesabiwa mashuka, na mtu mmoja hawezi kujaza meza mbili, kwa hiyo ukigonga ya mwenzako, yako inalala bila kugongwa. Mshahara wa siku hizo alinipa wote. Siku zenyewe hangeweza kunipa. Wakati ule nilikuwa mzima, nikaona siku si kitu.

Karani si mtu mbaya. Alisema huenda mashine ya kadi ilikosea, akatuma Mama Pacha aitwe awe shahidi.

Akaja, akasimama mlangoni na aproni yake mbichi.

"Huyu mwenzako alikuwepo tarehe hizi?"

Nilimsubiri. Akisema ukweli anafukuzwa, na mtoto bado yuko kwenye dawa za kila mwezi. Hilo nalijua. Wale pacha huniita mama mkubwa, na duniani hakuna mwingine anayeniita kwa jina la undugu. Hata hivyo nilimsubiri, nikatamani walau anitazame.

"Sikumbuki vizuri," alisema, macho sakafuni.

Nilikasirika. Nilitaka kumvua nguo palepale, niseme yote, tuzame wote wawili. Kisha nikajisikia nikisema, "Sikuwepo. Uzee tu, nilisahau."

Karani akafunga faili. "Basi hesabu mpya inaanza kesho. Safari hii usikose, Bibi Pasi."

Nilirudi mezani. Habari ilikuwa imenitangulia, na wenzangu wakawa wananipisha njia kama mtu aliyefiwa. Saa ya chakula Mama Pacha alikwenda kukaa na wafuaji. Nilikula peke yangu, nikarudi kwenye pasi, nikawa napapasa kila mkunjo kwa kidole kabla ya kuupitisha moto. Nilijionea huruma, sitaficha. Mchana kutwa nilisikia mvuke na miguu ya watu wanaopita.

Jioni nikiwa navaa viatu, kivuli kikasimama mbele yangu. Sura sikuiona vizuri, lakini pumzi nilizijua.

"Dada," Mama Pacha alinong'ona. "Najua sina uso wa kukuomba. Kesho mtoto ana kliniki, na mwezi huu nimeshakosa siku mbili."

Alikuwa ameinyoosha kadi yake.

Nikaipokea. Tangu nitoke kwa karani hakuna mwingine aliyekuwa amenisemesha.