Ombi la Moyoni la Ndugu Garvin

Sijawahi kushindwa uchaguzi, na sijawahi kugombea hata mmoja. Kwa miaka thelathini nimekuwa mwenyekiti wa chama katika kata yetu hapa magharibi mwa Oklahoma, na waliopita mikononi mwangu wakapata vyeo ni wengi: wajumbe watatu wa bodi ya shule, sherifu mmoja, na hata huyo Royce Stallcup anayetuwakilisha katika bunge la jimbo. Royce nilimbishia hodi nyumba kwa nyumba mpaka soli za viatu zikaisha. Alikuwa anatoa machozi akizungumzia familia. Halafu akaenda huko mjini, na mwaka jana akapiga kura ya ndiyo kwenye muswada wa kuruhusu watu kubeti kwa simu. Aliporudi akatuambia kanisani kwamba kubeti kwa simu si kamari, ni burudani. Nilimwambia mbele za watu kwamba mimi ni mjane wa miaka sitini na tano na najua kamari nikiiona, na kwamba ajiandae kutafuta kazi nyingine.

Sikuwa namtisha bure. Muswada ule ulikwama kwa kura mbili tu, na mwakani ungerudi. Kwa hiyo Royce alikuwa lazima atoke kwenye kura za mchujo za chama mwezi wa Juni, na kumtoa mtu ndiyo kazi ninayoijua.

Nieleze basi namna ninavyofanya kazi, maana wengi wanadhani ni hotuba na mabango. Ni simu. Kanisa letu la Bethania lina mnyororo wa maombi wa nyumba mia mbili na kumi na mbili, na kichwa cha mnyororo ni mimi. Ukiwa na shida unanipigia mimi, mimi nawapigia watano, kila mmoja anawapigia watano wake, na kabla maharage hayajaiva wilaya nzima inakuombea. Vijana wanasema tutumie ujumbe wa maandishi. Ujumbe mtu anaweza kujifanya hakuuona. Mimi Oleta Barnhill nikikupigia, umepigiwa.

Na kwa sababu hiyo sijawahi kumwomba mtu agombee. Naomba aombewe. Nasema tu, "Mwombeeni fulani, Mungu anamgusa kuhusu bodi ya shule." Fulani mwenyewe hana habari. Akienda dukani anakuta wanamshika mkono, akienda kwa kinyozi wanampa moyo, na ikifika Jumapili ameshaamini kabisa kwamba ameguswa. Sikuona ubaya wowote. Niliona namwokolea Mungu muda.

Februari nikamfanyia hivyo hivyo Garvin Hembree, kwa ajili ya kiti cha Royce. Garvin ni daktari wa mifugo na shemasi wetu, mtu mpole ambaye mikono yake imezalisha nusu ya ng'ombe wa wilaya hii, na hana adui hata wa kusingiziwa. Mkewe, Twyla, ni rafiki yangu tangu tulipokuwa wasichana wa kwaya. Nikarusha jina la Garvin kwenye mnyororo siku ya Jumatatu. Jumapili alinifuata mlangoni mwa kanisa, kofia mkononi.

"Dada Oleta," akasema, "nasikia Mungu ananiita."

"Hata mimi ndivyo ninavyosikia, Ndugu Garvin."

Akacheka kidogo, akaondoka. Mimi nikahesabu kwamba amekubali. Walikuwapo wawili wengine waliokuwa wanakinyemelea kiti kile. Niliwaambia wakae chini, wakakaa.

Fomu za kugombea hurudishwa kwa siku tatu tu, mwezi wa Aprili, kwenye jengo la bunge la jimbo huko Oklahoma City. Siku ya tatu, Ijumaa, saa kumi na moja jioni, mlango unafungwa. Usiporudisha, hugombei, hata uwe nani. Na kama Garvin asingerudisha, Royce angepita bila kupingwa.

Siku ya kwanza ilikuwa Jumatano, na Jumatano sisi tunakula pamoja kanisani halafu tunaomba. Tulipomaliza maharage na mkate wa mahindi, Mchungaji Moss akatoa daftari lake akauliza nani ana ombi. Mmoja akataja nyonga ya mama yake. Mwingine akataja mvua kwa ajili ya ngano. Kisha Garvin akanyoosha mkono, na mimi nikajiweka sawa kwenye kiti, maana nilijua anatangaza.

"Nina ombi la moyoni," akasema, akakaa.

Kwetu hilo ni neno zito. Mtu akisema ombi lake ni la moyoni, mchungaji anaandika jina tu, watu wanaomba bila kujua wanaomba nini, na hakuna anayeruhusiwa kuuliza. Hata mke wa mchungaji haulizi. Niliona vichwa vikiinama kwa adabu, na chini ya vichwa vile nikaona macho yakitafutana.

Hatuulizi, lakini hakuna sheria inayotukataza kukisia. Alhamisi asubuhi nilipokwenda kununua maziwa, Garvin alikuwa tayari ana saratani. Nilipofika kituo cha mafuta alikuwa na mwanamke. Kwa kinyozi, nikaambiwa, Royce alikuwa amemnunua. Mgombea wangu alikuwa anakufa mikononi mwangu kabla hajazaliwa, na mimi nikaamua kuvunja kanuni ambayo nimeilinda maisha yangu yote. Nikaenda kumuuliza.

Nilimkuta zizini kwake, mkono umezama mpaka begani ndani ya ng'ombe, shavu lake limelala mgongoni mwa mnyama.

"Ndugu Garvin. Fomu iko wapi?"

"Kwenye gari."

"Gari halirudishi fomu."

Alimaliza kazi yake taratibu, akautoa mkono, akanawa kwenye ndoo. Nilimwambia watu wanasema nini mjini, saratani, mwanamke, Royce, vyote. Nilitegemea akasirike. Akajifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Twyla anapotea, Oleta," akasema. Hakuniita dada.

Akanieleza. Ilianza wakati wa mavuno ya mwaka jana, funguo zikikutwa kwenye friji, jina la mjukuu likisahaulika. Januari daktari aliupa ugonjwa jina lake, na Twyla akamwapisha mumewe asimwambie mtu, na hasa isiingie kwenye mnyororo wa maombi, kwa kuwa hakutaka kushikwa mkono dukani na watu wenye macho ya huruma. Sasa bunge linakaa Februari mpaka mwisho wa Mei, Jumatatu hadi Alhamisi, mwendo wa saa tatu kutoka hapa. Angemwachia nani?

"Kwa nini hukuniambia hapana?"

"Hukuniuliza." Aliitundika taulo kwenye msumari. "Ungeniuliza jikoni kwangu, ningekwambia hapana, tungekunywa kahawa, yakaisha. Wewe uliwaambia watu wote Mungu ameniita. Kuanzia hapo nikikataa simkatai Oleta, namkataa Mungu, mbele ya kanisa zima. Nilibakiwa na sehemu moja tu ambayo mtu haulizwi, na huko nako umenifuata."

Nimetukanwa na watu wengi katika kazi hii, na matusi yao hayakuninyima usingizi. Haya ya Garvin hayakuwa matusi, na niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kwa maana nilikumbuka kwamba mwezi uliopita Twyla alinipigia mara mbili mchana mmoja na ombi lile lile, goti la jirani yake, na mara ya pili nilimwambia kwa ukali, "Twyla, umeshasema." Najua kila nyumba ya wilaya hii inapiga kura wapi na kwa nini. Rafiki yangu wa miaka hamsini alikuwa anazama, na mimi nilikuwa nimeona tu kwamba ananichelewesha.

"Usiirudishe hiyo fomu," nikamwambia.

"Na Royce?"

"Royce niachie mimi."

Nililisema kwa uhakika wangu wa kawaida, na sikuwa na jina hata moja mfukoni. Nilirudi nyumbani nikaketi na orodha yangu mezani. Huyu ana kesi ya mpaka wa shamba. Huyu anakunywa. Huyu mzuri, lakini akishika kipaza sauti anatetemeka. Wale wawili niliowakalisha, mmoja alikuwa ameshahamia upande wa Royce na mwingine alikuwa bado amenuna. Nikanyanyua simu niwapigie watano wangu, waombe Mungu atuletee mtu. Nikairudisha chini. Kwa mara ya kwanza niliona haya kumsemea Mungu.

Hapo ndipo nilipojiuliza mwenyewe swali ambalo sijawahi kumuuliza mtu yeyote: je, unataka? Na jibu likaja upesi mno, kama vile lilikuwa limekaa mlangoni miaka yote likisubiri kufunguliwa. Nataka. Nilitaka tangu nilipokuwa na miaka thelathini na tano nikibeba mabango ya wanaume walionizidi suruali tu. Nilikuwa najificha nyuma ya majina ya watu wengine, nikiuita woga wangu unyenyekevu.

Nikampigia Mchungaji Moss, kwa kuwa hakustahili kuisikia habari hiyo barabarani. Akakohoa.

"Dada Oleta, wapo ndugu watakaosema mwanamke akae nyuma."

"Ndugu hao hao, Mchungaji, ndio wanaonipigia kila Juni kuniuliza wampe nani kura. Siombi mimbari yako. Naomba kiti cha Royce."

Akataja mwenyewe habari za Debora aliyekuwa mwamuzi wa Israeli, akasema ataliombea. Nikamwambia aliombee kimya kimya, kwa jina langu tu, bila kumweleza mtu, mpaka nitakaporudi.

Ijumaa nilikwenda benki, ambako kwetu yuko karani wa viapo, kugongewa muhuri fomu, maana huwa nina fomu tupu kwenye droo kila mwaka wa uchaguzi, kisha nikapita kwa Garvin kumweleza. Nilimkuta anapakia kamba na ndoo. Ndama alikuwa amekwama kwenye shamba la mbali, na Twyla alikuwa amekaa ndani ya gari la kazi, amevaa vizuri, mkoba magotini, tayari kwenda kukaa juani masaa manne akimngoja mumewe.

"Huyu ninaye mimi leo," nikasema. "Na siku nyingine utakazohitaji, uniambie. Mimi mwenyewe, si kwenye mnyororo."

Garvin akatazama pembeni. Akamshusha mkewe taratibu, akamfunga mkanda kwenye gari langu.

Tulikuwa hatujafika hata barabara kuu Twyla alipoanza kuuliza. "Tunakwenda wapi, Oleta?"

"Oklahoma City. Kurudisha fomu ya ubunge."

"Ya nani?"

"Yangu," nikasema, na sauti ikanitoka ndogo hata sikuitambua. "Nafikiri."

Akageuka akanitazama vizuri. "Ya kwako? Siku nyingi nilikuwa nalingoja hilo." Akanipiga paja akacheka, na mimi nikacheka naye, macho yananiuma.

Tukapita mashamba ya ngano. Tukasimama kujaza mafuta na kula kipande cha keki. Tuliporudi barabarani akauliza tena tunakwenda wapi, nikamwambia tena, na akauliza tena fomu ya nani. Safari hii nilisema yangu, nikaongeza na sababu, muswada wa kubeti na kura mbili na Royce. Alisikiliza yote. "Siku nyingi nilikuwa nalingoja hilo," akasema, kwa mshangao na furaha mpya kabisa. Karibu na mji akauliza mara ya tatu. Sikuona uchovu wowote kumjibu. Ningemjibu mpaka Texas.

Jengo la bunge lilikuwa limejaa watu wenye bahasha. Nilimshika Twyla mkono tukapanda ngazi polepole, tukajiunga na foleni, na nani alikuwa amesimama ukutani akipeana mikono kama bwana harusi, ila Royce Stallcup. Yeye fomu yake alikuwa amerudisha tangu Jumatano. Alikuja kuhakikisha hakuna wa kumpinga, na habari za ombi la moyoni la Garvin zilikuwa zimeshamfikia, niliona kwenye tabasamu lake.

"Dada Oleta," akasema, akatazama nyuma yangu, huku na huku, akimtafuta mwanamume. "Safari hii umetuletea nani?"

Twyla naye akageuka kwangu. Alikuwa amesahau yote, mashamba, keki, barabara, na aliuliza kwa kuwa alitaka kujua kweli.

"Eti, Oleta, tumemleta nani?"

"Mimi," nikasema. Ilitoka kubwa. Kwenye foleni watu waligeuka.

"Wewe?" Twyla akaachia mkono wangu akapiga makofi. "Siku nyingi nilikuwa nalingoja hilo."

Sikumngoja Royce ajibu. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini, zamu yetu ilikuwa imefika, na karani alikuwa ananyoosha mkono apokee fomu.