Paa la Gati na Mbegu za Serikali

Kimbunga kilipita Gorong'a mchana kweupe, watu wakiwa mashambani, na kwa hilo tu tumshukuru Mungu, maana mengine yote hayakuwa ya kushukuriwa. Kiling'oa mapaa, kikapindua maghala, kikabeba mabanda ya kuku pamoja na kuku wenyewe. Nyumba ya Gati kiliivua paa, ghala lake kikalibwaga chini, kisha mvua ikaja nyuma yake ikaunyeshea ulezi wake wote, ule wa kula na ule wa mbegu.

Gati alikuwa mjane asiyejaliwa mtoto wa kiume. Kwa Wakurya huo si mwisho wa nyumba. Alitoa ng'ombe wake mwenyewe, akamwoa Mokami kutoka Nyamongo kwa jina la mwana ambaye hakumzaa, ili mji usife, na Mokami alikwisha kumzalia mjukuu, ndiyo kwanza ananyonya. Sasa baba yake Mokami, aliposikia habari za ghala, alituma neno: mvua za kupandia zikipita Gati hajapanda, atakuja kumchukua binti yake na mtoto, kwani hakumwoza ili akale upepo.

Serikali nayo haikulala. Ilikaa kikao. Huko bomani Tarime wakubwa walibishana kama kilichopita ni kimbunga au ni upepo tu, kwa sababu kimbunga kina msaada wake na upepo hauna. Mmoja akashikilia kwamba vimbunga ni vya pwani na Gorong'a haina bahari. Huku nyuma watu walilala zizini na mbuzi, wakingoja waambiwe kilichowapiga kinaitwaje.

Hatimaye ikaja amri, imeletwa na Machage, tarishi wa chifu. Mtu yeyote asiguse paa lake lililoanguka mpaka karani wa misaada aje alione kwa macho yake. Atakayelitengeneza hatapewa mbegu, kwa kuwa atakuwa ameonyesha hana shida. Watu wakatii. Ukipita siku zile ungeona mapaa yamelala uani na wenyewe wamekaa kando wakiyalinda, utadhani wanauguza mgonjwa.

Gati alitii mpaka mjukuu alipoanza kukohoa. Hapo utii ulimwisha. Ulezi wake uliolowa ulikuwa umechipua, haufai tena kupandwa, lakini muulize mpika pombe yeyote: ulezi uliochipua ndio hasa anaoutafuta. Akauanika, akausaga, akapika, akaita risaga. Risaga ni kazi ya majirani. Wewe unaweka chungu, wao wanaleta mikono. Bila chungu hakuna risaga, na hilo halina mjadala. Kuhusu amri, wazee waliipima wakaona imemkataza mtu kugusa paa lake. Juu ya paa la jirani haikusema kitu.

Walikuja tangu asubuhi, wakakata fito, wakaezeka nyasi mpya, na jua lilipoanza kuinama nyumba ilikuwa imesimama. Wazee wakaketi kukizunguka chungu, mirija mirefu mdomoni. Wakati huohuo lori la serikali likasimama bondeni, limejaa magunia ya mbegu za ulezi, na karani akapanda mlima akiongozwa na Machage.

Karani huyo aliitwa Nikolaus, mtu wa Issenye, amevaa soksi ndefu mpaka magotini. Alikuwa amesoma misheni, na huko alijifunza pamoja na mengine kutozifahamu mila alizokulia nazo kwao. Hakuwaamkia wazee. Aliliangalia paa jipya, akakiangalia chungu, akataka kumwona mwenye mji.

"Ndiye mimi," alisema Gati.

"Nauliza mume wa huyu binti."

"Ndiye mimi huyohuyo."

Machage, ambaye alicheza ngoma kwenye arusi hiyo mpaka akapoteza kiatu, alitazama pembeni. Nikolaus akasema msaada ni wa wenye nyumba waliopatwa na maafa, na hapa haoni mwenye nyumba wala maafa, anaona sherehe. Tena pombe imepikwa bila kibali. Akaamuru imwagwe. Machage akakiinamisha chungu polepole, uso wake ukiwa wa mtu anayezika ndugu, na pombe ikatiririka mbele ya miguu ya wazee. Gati alimweleza karani kwamba bila mbegu nyumba yake imekwisha, kwamba mkamwana wake atachukuliwa pamoja na mtoto. Nikolaus akamjibu kuwa shida hiyo haimo katika zile alizotumwa kuzishughulikia.

Akashuka bondeni. Lakini lori lilikuwa limezama kwenye tope mpaka mhimili, na juu ya milima ya Kenya mawingu yalikuwa meusi. Karani akapiga kelele watu waje kusukuma. Wakaja, wakalizunguka lori, wakalisifia ukubwa wake.

"Sukumeni basi," alisema Nikolaus.

Mzee mmoja akamwuliza kwa adabu chungu kiko wapi. Karani akasema hii ni kazi ya serikali. Mzee akakubali kwamba ni kazi kubwa, na kazi kubwa huitwa risaga, na chungu cha risaga kilikuwapo hapo juu muda si mrefu. Hakuna aliyecheka, na hiyo ndiyo iliyomuumiza Nikolaus zaidi.

Matone ya kwanza yalipoanguka juu ya magunia, Gati hakuweza kuvumilia. Lori ni la serikali, lakini mbegu ni mbegu. Akamwambia karani kwamba zikilowa zitachipua kama zake, na zikichipua atakuwa amewaletea kimea cha pombe kwa lori.

"Ziwekwe ndani haraka," akasema Nikolaus, akageuka kutafuta nyumba.

Akatazama mlima mzima, mji kwa mji. Mapaa yote yalikuwa chini kama amri ilivyotaka, yanamngojea ayaone. Lililosimama lilikuwa moja tu.

Magunia yakapandishwa kwa Gati, na kwa kazi hiyo hakuna aliyedai chungu. Nikolaus akamwacha Machage alinde, akaonya mtu asiguse hata punje mpaka atakaporudi, akaondoka kwa miguu, soksi zake zimejaa tope.

Hakurudi. Mvua za kupandia zikanyesha vizuri, ardhi ikalainika, na bomani nadhani walikuwa wamerudia swali la kimbunga na upepo. Gati alilala na mbegu kichwani na njaa miguuni. Asubuhi moja aliamka akamkuta Machage mlangoni, mkuki umelala, naye anaiangalia mvua. Machage pia alikuwa na shamba.

"Machage," alisema Gati, "siku ya kuvuna utalinda nini?"

Tarishi alisogea kando ya mlango. Gati akaita majirani wote, akafungua gunia la kwanza mbele yao, akapima kwa kibuyu kilekile alichokuwa akichotea pombe, kila nyumba sawa na nyingine, na ya Machage ikiwamo. Jioni ileile yeye na Mokami walikuwa shambani.

Nikolaus alirudi barabara ilipokauka, akauliza mbegu za serikali ziko wapi. Gati akamshika mkono kama mgeni wa heshima, akamtoa nje, akamwonyesha. Ulezi ulikuwa umefika magotini, pale soksi zake zilipoishia.

"Nani aliwagawia?" aliuliza.

"Si wewe uliyezileta?"

Karani akafikiri. Akisema zimeibiwa, ataulizwa kwa nini aliacha mali ya serikali kwa mwanamke asiye na maafa. Alivua kofia, akaivaa tena, kisha akawakusanya watu akawahutubia kwamba serikali haiwasahau raia wake na sasa wameona wenyewe. Wakampigia makofi. Gati alipiga zaidi ya wote, mikono yake ikiwa bado na udongo.

Hotuba ilikuwa ndefu na jua kali. Alipomaliza, Nikolaus alimsogelea Gati, akauliza kwa sauti ya chini kama nyumbani hakuna hata tone la kulainisha koo.

"Ile ya kwanza uliimwaga, baba," alisema Gati. "Hii nyingine bado iko shambani. Ukiisubiri, njoo na kibali chake."

Akachukua jembe lake, akaingia mstari wa pili, kando ya Mokami aliyekuwa akipalilia na mtoto mgongoni.