Mshororo Uliopungua

Tangu Gumersindo aanguke katika shamba la tumbaku, mdomo ulimwenda upande na neno halikumtoka tena. Daktari wa mjini aliuita ugonjwa ule ictus, yaani kiharusi, akamwambia mkewe, Casilda, kwamba ulimi usipofunguka mapema huenda ukabaki hivyo hivyo. Miezi ikawa inayoyoma. Casilda alimbembeleza, akasali, akamtajia majina ya wajukuu, lakini ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa. Alitaka kuisikia sauti ile tu, hata ikimgombeza.

Jumapili moja akatokea Evelio, gitaa begani. Huyu ndiye aliyejibizana na Gumersindo kwa beti za papo kwa papo katika kila sherehe ya bonde lile, na mwaka fulani aliitungia pua ya Casilda ubeti mzima. Tangu siku hiyo hakuonja kahawa ya nyumba ile.

"Umekuja kumcheka mgonjwa?" Casilda alimuuliza mlangoni.

"Nimekuja kumchokoza, shemeji. Ictus, ndivyo alivyosema daktari? Mwalimu wetu wa ushairi aliliita hivyo pigo la mshororo. Acha nione kama na hilo limemtoka."

"Mwache apumzike."

"Atapumzika akifa."

Akajivutia kigoda mbele ya mgonjwa, akagusa nyuzi, akaimba:

*Jogoo sasa mzee,*
*kuwika hawezi tena...*

Gumersindo alitazama ukuta. Casilda alikasirika, akaushika ufagio.

*...kuku wamcheka.*

Hata Casilda, aliyezeeka akisikiliza beti, aliona mshororo umechechemea. Mtu kama Evelio hapunguzi mizani hata akilewa. Evelio akaurudia, kilema vilevile. Mkono wa Gumersindo uliobaki mzima ukainuka, ukapiga kiti pale penye pengo. Evelio akajifanya hamnazo, akaurudia tena. Uso wa mgonjwa ukaiva kwa hasira.

"Wo... wote," akasema. "Kuku wote wamcheka." Akameza mate. "Punda."

Ufagio ulimponyoka Casilda. Alilia kwa furaha, na wivu kidogo ukamchoma: miezi yote kabembeleza yeye, na neno la kwanza kapewa hasimu.

Evelio alijifuta macho kwa kiwiko, akainuka aage.

"Kaa," Casilda alimwambia, akateleka kahawa. "Na kesho uje tena. Uimbe vibaya hivyo hivyo."