Kisima cha Jikoni kwa Nurto

Jiko langu lilizama Jumatatu asubuhi, maziwa ya ngamia yakiwa motoni. Sikuzama nalo kwa sababu nilikuwa nimetoka nje kumtukana Guled.

Guled ni mtoto wa kaka yangu. Anakaa nyuma yangu hapa Wajir, na kisima chake kina pampu inayojaza malori ya maji kuanzia alfajiri. Maji yakiondoka chini, udongo utaegemea nini? Hilo halihitaji digrii. Miaka miwili kuta zangu zinapasuka, nyufa za kuingiza mkono, na kila nikimwambia azime mashine ananijibu, "Eeddo, nyumba yako imezeeka tu." Eeddo ni shangazi, na nyumba anayoisema ndiyo niliyomlelea, mshenzi yule. Sina nyingine.

Nililalamika mpaka sauti ikakauka. Afisa mmoja alikuja na kofia ngumu kichwani, akapiga picha nyufa, akasema ardhi inatitia na patahitajika semina. Semina! Wazee nao wakaniambia nisubiri, Mungu yu pamoja na wanaosubiri. Nikasubiri, na jiko likaenda.

Lilibaki shimo refu kuliko mtu, na chini yake maji. Majirani wakaja mbio, nikadhani wanakuja kunipa pole. Mzee Kadar, mkubwa wa wazee wa mtaa, hata salamu hakunipa. Alishusha mkebe kwa kamba, akaonja, akafumba macho.

"Subhanallah," akasema. "Matamu."

Basi, kwisha habari yangu. Visima vingi vya mtaa wetu vina chumvi. Kwa maji matamu mtu anaweza kumuuza mama mkwe. Kufikia adhuhuri hakuna aliyekumbuka kwamba lile lilikuwa jiko. Lilikuwa kisima, na kisima kwetu lazima kiwe na mwenyewe. Watu wa ng'ambo ya barabara wakadai babu yao ndiye aliyekichimba zamani, kikafukiwa. Guled akaruka juu. Uongo mtupu! Aliyekichimba ni babu yake yeye, Abdiqani.

Abdiqani ni baba yangu mzazi. Alikuwa fundi cherehani, na maishani mwake hakuchimba hata kaburi la paka.

Nilifungua mdomo nimuumbue. Kisha nikaufunga, maana nilikumbuka sheria ambayo kila mfugaji hapa anaijua: kisima kina eneo lake, dhiraa arobaini kila upande, na mwingine hachimbi humo asije akakausha cha mwenzake. Cha kwanza ndicho chenye haki.

"Mwanangu," nikamwambia, kwa upole ambao ungemtisha kama angekuwa na akili, "una hakika ni cha babu yako?"

"Walaahi, Eeddo!"

"Kabla hujachimba chako?"

"Kabla hata baba hajazaliwa!" Sikumwambia aape. Aliapa mwenyewe, mara tatu, mbele ya wazee wote, mkono juu. Kadar akaamua kisima ni cha akina Abdiqani, na wale wa ng'ambo wapewe zamu ya kunywesha mifugo yao.

"Alhamdulillahi," nikasema. "Sasa pimeni dhiraa arobaini."

Kadar akainama, akapima kwa mkono wake, kiwiko hadi ncha ya kidole, akitambaa vumbini kuelekea kwa Guled huku watu wanahesabu kwa sauti. Pampu ilikuwa kwenye thelathini na moja. Guled akapiga kelele kwamba mkono wa mzee ni mrefu mno. Wakapima kwa mkono wake yeye, ule mfupi. Thelathini na sita.

"Zima mashine," Kadar akamwambia.

Guled akanigeukia, jasho linamtoka. "Eeddo, waambie ukweli! Babu alikuwa fundi cherehani!"

"Ukweli gani tena," nikamuuliza, "na wewe umeshaapa?"

Akaizima. Walaahi, nilikaa chini pale pale nikalia, nikacheka, nikalia tena. Na wazee wale wale waliokosa muda wa nyumba yangu kwa miaka miwili wakaleta mawe na saruji kabla ya magharibi, maana kisima hakiachwi kiporomoke. Walijenga ukingo imara mpaka kuta zangu nazo zikapata cha kuzishika.

Sasa mtaa mzima unapita sebuleni kwangu na ndoo. Wananikanyagia mkeka, wananiuliza mbona chai haijaiva, na mimi napikia uani kwenye jua. Lakini ndoo hainyonyi ardhi, na nyufa zimesimama pale pale zilipokuwa.

Juzi Guled naye alikuja na mtungi wake, macho chini, akaniamkia kwa adabu ambayo sijaiona tangu aote ndevu. Mwenye kiu hanyimwi maji, hiyo nayo ni sheria. Nikamwonyesha mahali pake kwenye foleni, nyuma ya punda wa Kadar.