Waya Kwenye Malka ya Guracha

Priscilla alikuwa anakwenda kwenye mahindi yake, jembe begani, alipoona vigingi vimesimama katikati ya Malka ya Guracha, kila kimoja kimefungwa utepe mwekundu shingoni, kama mbuzi wa kuchinjwa.

Akaweka jembe chini. Tangu aolewe katika kijiji kile cha chini ya Golbanti, hakuwahi kuona kitu kimesimikwa pale. Malka ni njia ya ng'ombe kwenda mtoni, na hii ilipita baina ya shamba lake na shamba la Rosina, pana ya kutosha kundi zima kushuka bila kugusa mhindi hata mmoja. Waliokubaliana juu yake ni mzee Guracha wa Waorma, wafugaji, na mzee Changawa, baba mkwe wake Priscilla, Mpokomo mkulima. Tangu hapo, mto ukishafurika na kurudi, wanawake wa mashamba hutoka na mapanga wakafyeka njia, ijapokuwa hawana hata ndama. Na kiangazi kikikaza, kabla ng'ombe hawajafika kutoka malishoni, wanawake wa Kiorma hutangulia na vibuyu, wakawapa waliofyeka. Yaliitwa maziwa ya njia. Hayauzwi. Asiyetaka ng'ombe wapite huyarudisha, na watu hukaa wakazungumza. Akiyanywa, basi, amekubali, na neno lake halirudi.

Chini ya vigingi wanaume walikuwa wanachimba mashimo. Mmoja wao alivaa koti la manjano linalong'aa, na Priscilla alimtambua kwa mgongo kabla hajageuka. Alikuwa James, mwanawe.

"Shikamoo mama," James alisema, macho yake kwenye shimo.

"Marahaba. Mnazika nini hapa?"

Aliyejibu ni kijana mwingine, mgeni, mwenye viatu vyeupe na miwani ya jua. Alikuwa msaidizi wa Waziri, ametoka Nairobi na wenzake wawili, na kijiji kilikuwa kimeshampa jina la Miwani. Alieleza kwa adabu. Jumamosi Waziri atashuka kwa helikopta kufungua shamba la mfano la kumwagilia maji. Pampu imeshafika Garsen. Waya utazungushwa leo, James atashika ufunguo wa lango, na mahindi yaliyokwisha kuota yataletwa kwa lori yapandwe, ili siku hiyo pawe kijani.

"Si kuna mashamba yetu, ni kijani tayari," Priscilla alisema. "Kwa nini hapa?"

"Kwa sababu hapa hapana kitu, mama. Tumepaangalia kutoka juu. Ardhi imekaa bure."

"Haikukaa bure. Imeachwa."

"Imeachwa na nani?"

"Na sisi."

Miwani alicheka kidogo, cheko la mtu aliyefundishwa namna ya kuongea na wazee. Priscilla akamweleza habari ya ng'ombe, polepole, tangu mwanzo mpaka mwisho, kama anavyowaeleza wajukuu. Kijana alitikisa kichwa kila alipopumzika. Mwisho akasema ng'ombe watatafutiwa pengine.

"Pengine wapi?"

"Kamati italiangalia hilo."

Priscilla aliokota jembe lake. Serikali ya Nairobi waliizoea kama walivyozoea mafuriko: huja na kishindo, hufanya itakalo, na ikiondoka kila mtu hutafuta kilichobaki. Zahanati waliyoahidiwa na mkubwa wa kabla ya huyu ilikuwa bado ni jiwe la msingi lenye jina lake, na mbuzi walilala kwenye kivuli cha lile jiwe. Hayo yote yalivumilika. Lakini kufunga malka hakukuwa kama kutojenga zahanati. Mara ya mwisho malka ilipofungwa huku bondeni, walioifunga walikuwa wenyeji wenyewe, kwa hasira tu, na mwaka ule nyumba ziliwaka pande zote. Priscilla alimzika mumewe. Barwako, mwanamke wa Kiorma anayemletea maziwa tangu wote wawili wakiwa wasichana, alimzika kifungua mimba wake. Na sasa atakayesimama mlangoni pa waya, ng'ombe wakija na kiu, ni James.

*

Barwako alifika siku ya pili, kibuyu kimoja mgongoni na kingine mkononi, kitambaa chake kimejaa vumbi la njia. Priscilla alimwona kwa mbali kutoka shambani akaanza kwenda kumpokea, lakini magoti hayakuwa tena ya ujanani. Alipofika, Miwani alikuwa amemtangulia, ameshapokea kibuyu kimoja.

"Maziwa freshi," Miwani alimwambia mwenzake mwenye kamera. "Hii ni nzuri. Piga. Serikali na wananchi."

"Baba, usinywe hayo," Priscilla aliita. "Subiri nikuambie."

Miwani aligeuka akatabasamu, akidhani bibi anaogopea tumbo lake la mjini. Akainua kibuyu. Alikunywa vizuri, mpaka koo likaonekana likipanda na kushuka, akajipangusa mdomo na kumpa Barwako mkono. Kamera ililia mara nyingi. Wanaume waliokuwa wanavuta waya walinyamaza. James alitazama chini.

Barwako alikuwa ameyashusha mabega kama mtu aliyetua mzigo. Alitoa simu kwenye mkunjo wa nguo yake, akasema maneno machache kwa Kiorma, akairudisha.

"Mama Hiribae, umesema nini?" Priscilla alimwuliza.

"Nimemwambia mwanangu alete ng'ombe. Serikali imekunywa."

"Hajui alichokunywa. Yule ni mtoto wa lami."

"Mama James, mtu mzima akinywa, amekunywa. Mimi nilikuja kuomba, niliogopa hii waya. Sasa naogopa nini? Mwenye waya ndiye amekunywa."

Priscilla alimshika mkono wakamwendea Miwani pamoja, naye akamweleza kwamba yale maziwa yalikuwa ahadi. Kijana alisikiliza huku anatazama simu yake. Akasema kwamba ameyapenda sana, kwamba utamaduni ni kitu kizuri, na kwamba ataomba wamama wa maziwa wapewe nafasi siku ya Jumamosi, hata wapewe na fulana.

"Na ng'ombe?" Barwako aliuliza.

"Ng'ombe hapana, mama. Hapo tuelewane. Wataharibu shughuli ya Waziri."

Barwako alikitazama kibuyu, akakigeuza mdomo chini ili tone lililobaki lidondoke, jambo ambalo Priscilla hakuwahi kumwona akilifanya. Halafu akasema, sauti yake ya kawaida kabisa, "Angekataa, Hiribae angekaa huko akingoja maneno. Sasa ameambiwa amekubaliwa. Wameshavuka barabara ya Lamu. Ng'ombe wamenusa maji, nani atawarudisha? Na vijana wakikuta waya, watasema wamedanganywa na mtu aliyekula chakula chao."

Alasiri hiyo lango lilifungwa kufuli. Askari wawili waliletwa, wakaketi chini ya turubai na bunduki zao mapajani.

*

"Iache hiyo kazi," Priscilla alimwambia mwanawe wakila ugali.

"Mama, tangu nizaliwe serikali haijanipa hata kibarua cha kufagia. Leo imenipa koti, unaniambia nilivue."

"Limekupa nini hilo koti? Limekupa kusimama mbele ya Hiribae."

"Hiribae ananijua. Tumeogelea pamoja."

"Hata wale wa mwaka ule walijuana."

James aliacha kula. "Nikiondoka watamweka mtu wa Garsen asiyemjua yeyote. Huyo si ataogopa? Na mwoga hufanya nini, mama?" Alinawa mikono. "Bora mimi."

Priscilla alijua mwanawe amesema kweli. Alitoa panga chini ya kitanda, akaketi kizingitini akilinoa juu ya jiwe. James alimwuliza anataka kufanya nini. Alijibu kwamba anataka kuvuna.

Jua lilipotoka alikuwa ameshaanza. Mahindi yalikuwa yamebeba, masuke yamekauka ncha, bado kidogo tu yafae kuchoma. Aliyakata ya mstari wa pembeni, akaingia wa pili, akayalaza upande akielekea mtoni. Rosina alikuja mbio akidhani bibi amerukwa na akili.

"Mama James, hicho ni chakula cha mwaka mzima."

"Najua ni nini. Nilikipanda mimi."

"Basi ngoja wazee wakae."

"Wakikaa, ng'ombe nao watakaa?"

Rosina alishika kiuno. Akamtukana Waziri tusi moja la Kipokomo lisilofaa kuandikwa, akaenda nyumbani, akarudi na panga lake. Wengine wawili wakaja nyuma yake. Chifu naye akapita na pikipiki, akaonya kwamba kuharibu mazao ni kosa.

"Mazao ya nani, Chifu?" Priscilla alimwuliza bila kuinua kichwa.

Chifu akawasha pikipiki akaenda zake, akielekea kwenye turubai la Miwani.

Mchana, vumbi liliinuka upande wa tambarare. Kwanza lilikuwa kama moshi, halafu zikasikika kengele za mbao za ng'ombe. Hiribae alikuwa mbele, mrefu, amekonda, fimbo mabegani. Nyuma yake kulikuwa na vijana wenye mikuki, na ng'ombe waliokuwa mifupa na pembe. Alikwenda moja kwa moja mpaka langoni. James alisimama ndani ya waya. Askari walisimama pia.

"James. Huyu aliyekunywa yuko wapi?"

"Yuko nyuma huko."

"Na wewe ulikunywa?"

"Mimi sikupewa."

"Basi ondoka hapo. Maneno yangu si ya kwako."

James hakuondoka. Ng'ombe wa nyuma waliwasukuma wa mbele, waya ukaanza kulia, na askari mmoja akavuta kitu kwenye bunduki yake, sauti ndogo kama kijiti kinachovunjika. Ndipo Barwako alipotoka kwenye mahindi akipunga kitambaa chake, akiita ng'ombe kwa mlio wa ulimi ambao Priscilla aliufahamu tangu ujanani. Dume la mbele liligeuza kichwa. Likaona pengo katika shamba, na mwisho wa pengo maji yakimeremeta. Likaenda, na wote wakalifuata. Hiribae alimtazama James, akalitazama lile shamba lililokatwa, akamwona mwenye shamba amesimama na panga. Akamwinamia Priscilla kichwa, akawafuata ng'ombe wake.

Jioni hiyo Barwako alimpa Priscilla kibuyu cha pili. Walikunywa wote, na Rosina, na James pia, akiwa bado na koti lake. Walicheka kidogo. Barwako alisema, "Waziri akija, mwambie shamba la mfano ni hili." Ng'ombe walilala ukingoni mwa mto, wamejaa maji.

*

Lakini Miwani hakuwa amelala. Priscilla alipofika shambani asubuhi, amebeba kibuyu kitupu amrudishie Barwako, alimkuta na mwenzake wa kamera, wamechuchumaa juu ya mabua yaliyokanyagwa, wakipiga picha za nyayo za kwato.

"Pole sana, mama," Miwani alisema, na uso wake ulikuwa na huruma ya kweli, jambo lililomtisha Priscilla kuliko kama angekuwa na hasira. "Simama hapo katikati. Shika hilo hindi lililovunjika."

"Nimekata mwenyewe."

"Tunaelewa unaogopa kusema."

"Siogopi. Tazama. Hivi vishina vimekatwa kwa panga. Ng'ombe ana panga?"

Kamera ililia. Priscilla alilitupa lile hindi, lakini picha ilikuwa imeshachukuliwa: bibi kizee wa Kipokomo, mkono umeinuliwa, mahindi yameanguka pande zote. Haikupita muda James alikuja na simu yake, akamsomea mama yake. Wafugaji wenye silaha wamevamia mashamba ya Tana. Mjane apoteza mazao yake yote. Waziri asema serikali haitavumilia, bonde litasafishwa kabla ya Jumamosi.

"Litasafishwaje?" Priscilla aliuliza.

Mara malori yakasikika. Yalitoka upande wa Garsen, matatu, yamejaa askari wenye kofia za chuma, vumbi limewafunika hata wakafanana wote. Miwani aliyaendea akiwa na simu sikioni. Akarudi, akamwambia James apande la mbele.

"Wewe unamjua kiongozi wao. Utawaonyesha tu kwa kidole."

"Mama amesema amekata mwenyewe," James alisema.

"Hayo tutaandika baadaye. Panda."

James alimtazama mama yake. Kisha akafungua zipu, akalivua lile koti, akalitundika kwenye waya kwa utaratibu kama nguo ya kuanikwa. Miwani aliita jina lake. James alikuwa ameshaingia kwenye mahindi, anakimbia kuelekea mtoni, anamwita Hiribae kwa jina.

Dereva wa lori la mbele alitafuta njia. Malka ilikuwa imefungwa kwa waya, lango lina kufuli, na mwenye ufunguo amekimbia. Upande huu na huu yalikuwa mahindi na migomba na udongo mweusi unaomeza magurudumu. Ndipo alipoona lile pengo, pana, limenyooka, limekanyagwa na kwato mpaka likawa gumu kama barabara, na mwisho wake ng'ombe, na watu wadogo wadogo wanaoanza kusimama. Akageuza usukani.

Priscilla aliliona lori likigeuka, akaelewa ni nini alichokuwa amekikata. Hakupiga kelele. Alitembea mpaka katikati ya pengo, akakunja kanga yake, akaketi chini juu ya mabua, uso kwa lori, kibuyu kitupu cha Barwako mapajani. Rosina alimwita kutoka shamba la pili. Hakugeuka.

Lori lilipiga honi. Priscilla alisikia nyuma yake, kule mtoni, ng'ombe wakianza kulia, na sauti ya James, na juu ya yote mvumo wa helikopta iliyokuja kabla ya Jumamosi.

Lori lilipiga honi tena. Lilikuwa halijapunguza mwendo.