Uzi wa Bluu

Bibi Cherehani alilizunguka lile gari mara tatu, na mara zote tatu hakuona dosari. Lilikuwa dogo, jeupe, la mkono wa pili, na bei yake haikuuma sana. Mjukuu wake, binti wa miaka kumi na minane mwenye leseni ya wiki mbili, alikuwa ameshaketi kwenye usukani, anacheka peke yake.

Kazi ya kuchagua aliachiwa bibi. Mama wa binti alikuwa safarini, na alikuwa ameagiza jambo moja tu: liwe rahisi, lakini mtoto arudi nyumbani mzima. Chuo kilikuwa mbali, barabara yake ina malori, na binti mwenyewe bado alishika usukani kama mtu anayekamua nguo.

Dalali hakuishiwa maneno. Alieleza kwamba mwenye gari alikuwa mwalimu, wa kazini na nyumbani tu, na kwamba gari halijawahi kuguswa hata na baiskeli.

"Panda, mke mwenzangu," binti akaita. "Kitendawili."

"Tega."

"Namkumbatia kila ajaye, simjui hata mmoja."

Bibi akaingia kiti cha pembeni. Jibu alilijua kabla hajakaa. Akajinyoosha auvute mkanda wa binti, amfunge nao, hilo ndilo liwe jibu. Vidole vyake vikakwama.

Karibu na pale mkanda unapojificha palikuwa na uvimbe. Mshono wa zigizaga, safu tatu, mwisho umerudishwa nyuma mara nne. Uzi wa bluu iliyokolea. Siku alipoushona, uzi mweusi ulikuwa umemwishia.

Wakati wa mvua, mwanamume mwenye ovaroli alimletea mikanda minne ndani ya mfuko, kila mmoja umekatwa kwa kisu, akasema ni ya kufungia mizigo. Bibi aliviona vile vibati vya kuchomeka vikining'inia, akajua ni mikanda ya gari. Hakuuliza. Alitania tu kwamba siku hizi hata magunia ya viazi yanaogopa ajali, kisha akashona vizuri, kama anavyoshona kila kitu. Hakutaka kufikiri ni lini mkanda wa gari hukatwa kwa kisu, na nani alikuwa amefungwa nao.

"Umeshindwa? Nipe mji," binti alisema.

Bibi alitoa kwenye mkoba wembe wake wa kufumulia. Akaupitisha mara moja kwenye mshono, akavuta. Mkanda ukaachana vipande viwili mkononi mwake.

"Mama, unaharibu mali ya watu," dalali alisema. "Aliyeshona hapo ni fundi hasa."

"Fundi ni mimi."

Binti alishuka taratibu. Alikitazama kipande cha mkanda, akamtazama bibi yake, na ule utani wote ukamtoka usoni.

"Ulishona mingapi, bibi?"

"Minne. Na huu ni mmoja."

Uwanjani magari yalikuwa yamepangwa safu kwa safu, yameoshwa, kila moja na bei yake kwenye kioo. Binti aliyatazama kwa muda.

"Huo wembe usiurudishe," alisema. "Tuanze na lile jekundu."

Lakini dalali alikuwa ameshatangulia, anakwenda kulifunga kwa ufunguo.