Wifi Amekufa

Nilitaka kumwandikia mume wangu "wifi imekufa". Kwa haraka zangu nikaandika "wifi amekufa", na maskini wa watu akatoka kazini mbio hadi kwa dada yake, akamkuta anakunywa chai.

Ndivyo wifi yangu alivyofika mlangoni kwangu baada ya miezi miwili ya kununiana.

"Marehemu nimekuja," akasema. "Mgonjwa yuko wapi?"

Sikuwa na hali ya kucheka. Ilikuwa saa tatu na nusu, na saa nne kamili nilitakiwa kufundisha somo la majaribio la hesabu kwa video, mkuu wa shule akinitazama. Nikilikosa, kazi anapewa mwingine. Na jengo zima, familia kumi na mbili zinazotumia mtandao mmoja, lilikuwa limekatikiwa tangu jana jioni.

Wifi yangu ni fundi mitandao, na kumtazama akifanya kazi ni raha, hata ukiwa umemnunia. Hakugusa waya hata mmoja. Alipanda ngazi akashuka, simu mkononi, ametulia kama daktari anayesikiliza kifua. Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta yangu na kukionyesha kwa kidole kidude nilichokichomeka ubavuni.

Kidude hicho cha kuongeza kasi ya mtandao nilikinunua kwa mbwembwe. Muuzaji aliniapia kwamba hakipangi foleni.

Kumbe kweli. Wifi alinieleza kuwa vifaa hewani husema kwa zamu: kila kimoja husikiliza kwanza, kikisikia kimya huhesabu kidogo, ndipo kinaposema. Changu hakihesabu. Miezi miwili nimewapora majirani zamu zao huku nikijisifu kwa kasi, na aibu ilinishika hapo hapo. Jana mshonaji wa ghorofa ya juu akanunua kama changu. Sasa vilikuwa viwili visivyosubiri, vikisema kwa pamoja, na neno la yeyote halifiki.

"Nikikitoa changu, cha mshonaji si kitanimeza?" nikauliza.

Akatoa mkono mfukoni. Kiganjani kilikuwemo kidude cha mshonaji.

"Nilimwambia wewe umeshatoa chako," akasema.

Jamani, huyu mwanamke! Nikachomoa changu bila ubishi.

Saa nne nilifundisha hesabu za sehemu, nusu na robo, kwa wanafunzi ishirini na picha haikuganda hata mara moja. Mkuu akaniambia nianze Jumatatu.

Wifi alikuwa ameketi kitandani muda wote. Ugomvi wetu ulianzia kwenye kidude hiki hiki: siku niliyomwonyesha alitaka kuniambia jambo, nikamkatiza kabla hajafika nusu, nikamwita mwenye wivu.

Nikafunga kompyuta. Tukafumbua midomo kwa pamoja, tukanyamaza kwa pamoja.

Nikahesabu moyoni hadi tatu.

"Anza wewe, wifi," nikamwambia.